Awino, Ndani ya Wimbo wa Magita

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 14 Mei 1998, marehemu Perez Akumu alikuwa ameketi mlangoni akichambua omena, wale dagaa wa ziwani. Mimi mumewe, Absalom Ogada, nilimwambia chai inapoa. Akasema, "Ni yako inapoa, Mzee. Yangu nilishakunywa." Asubuhi yetu ya mwisho ilikuwa hiyo. Haikuwa na jambo.

Alizaliwa Asembo mwaka 1934. Alisoma hadi darasa la pili, akatolewa shuleni kulea wadogo zake. Hata hivyo alinishinda, maana mimi sikuingia kabisa. Haya nimesema mimi, binti yetu Benta akaandika.

Tulioana Desemba 1953, tukakaa hapa Dunga. Alianika na kuuza omena miaka arobaini. Sauti yake ilijulikana. Akianza kuomboleza matangani, hata waliokuja kula walinyamaza.

Mwaka 1993 wageni walikuja ziwani kupiga sinema. Kazi ya kutunga wimbo wa sinema hiyo walimpa Tom, fundi wa redio wa Manyatta, na wenzake wa magita. Walisema ni roki, lakini haikuwa ya kucheza. Magita yalikwaruza kama mtumbwi ukivutwa juu ya mawe. Tom alitaka na sauti ya mama anayeomboleza. Jumamosi tarehe 21 Agosti nilimsindikiza marehemu mjini, kwenye chumba kilichozibwa kuta kwa magodoro.

"Lia tu, Mama, kama uko matangani," Tom akasema.

"Nimlilie nani? Hakuna mtu amekufa."

"Ni ya sinema, Mama."

"Kifo hakijui sinema."

Kwetu anayeomboleza bila maiti anaita kifo. Marehemu aliomba chai, akanywa yote. Kisha akavua viatu, akaimba mara moja. Katikati aliita jina, Awino. Tom hakumwomba arudie.

Mwaka uliofuata wimbo ulifika redioni. Kiongozi wa kwaya ya akina mama, Mama Nekoye, alimwuliza mbele ya wote, "Awino ni nani? Umelilia hewa, na watakaokufa ni watu wetu." Wakamnyang'anya kitambaa cheupe cha kwaya. Hakujibu. Miaka minne aliketi kiti cha nyuma kanisani, akaimba kwa sauti ndogo.

Sinema ilionyeshwa mjini mwaka 1995. Majina yalipopanda ukutani mwishoni, Benta alinigusa: "Baba, hilo ni la Mama." Sijui kusoma, lakini nilisimama mpaka likapita. Marehemu akanivuta koti. "Kaa chini, Mzee. Watu wa nyuma hawaoni."

Alikuwa na presha tangu mwaka jana, na dawa alimeza. Alhamisi ile saa nne alianguka. Alifariki hospitalini Kisumu alfajiri ya Jumamosi, tarehe 16.

Mama Nekoye, uko hapa mazikoni, na nakujibu mimi. Februari 1956 marehemu alizaa msichana, kamba ya kitovu ikiwa imemzonga shingoni. Hakupumua. Mtoto wa namna hiyo huitwa Awino, lakini huyu hakuna aliyemwita. Alizikwa kimya kabla watu hawajaamka, na mama yake akakatazwa kutoa sauti. Nilimzika mimi, nyuma ya nyumba. Nilijua Awino ni nani nikanyamaza, mke wangu akabeba lawama peke yake. Kosa ni langu. Hakulilia hewa. Naomba kitambaa chake kirudi kichwani mwake kabla hatujafunga sanduku.

Ameniacha mimi, watoto wetu Benta, Lornah na Okelo, na wajukuu tisa. Awino alimtangulia. Mungu awapumzishe pamoja.

Siku ile ya magita, tulipotoka kwenye chumba cha magodoro, alivaa viatu vyake polepole, akaniambia: "Sasa ameliliwa. Twende, Mzee, omena bado iko juani."