Orodha ya Shangazi Haina Mlango wa Uongo

Karani wa kumbi za jamii anastaafu Ijumaa, tarehe 29 ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye dirisha namba nne. Idara nzima inamwita Shangazi, wakiwemo watu wanaomzidi umri, na mkuu wa idara humwandikia hivyo hata kwenye barua rasmi. Amefanya kazi chini ya wakuu saba. Amepandishwa cheo mara moja tu, na barua yenyewe ilipelekwa kimakosa kwa karani wa maegesho, ambaye aliisherehekea kwa siku mbili kabla hajaambiwa airudishe.

Kwa ambao hawajawahi kufika ghorofa ya chini, kazi ya dirisha namba nne ni kujibu maswali mawili. La kwanza huulizwa na vikundi: tupate wapi chumba cha kukutania? La pili huulizwa na mtu mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, mara nyingi baada ya kujifanya amekuja kusoma matangazo ukutani: hapa mtaani watu hukutana wapi, nami niende? Anaweza kuwa mjane, au mtu aliyehamia kikazi, au aliyetoka gerezani juzi, au mzazi wa mtoto asiyesikia. Majibu yote yako kwenye kile tunachokiita Orodha: jina la kikundi, siku, saa, chumba, na nani ana ufunguo.

Shangazi aliajiriwa kama mpiga chapa. Alipelekwa dirishani kushikilia nafasi kwa wiki mbili, karani mwenyewe alipokwenda likizo. Karani huyo hakurudi. Wakati huo Orodha ilikuwa nusu ukurasa, na chumba kilikuwa kimoja, ukumbi mkuu, ambao ulifunguliwa kwa mikutano ya wakubwa na harusi za jamaa zao. Shangazi aliona jambo lisilohitaji utafiti. Mji ulikuwa umejaa vyumba vitupu. Madarasa yalikaa bure wanafunzi wakishatoka. Mabenchi ya zahanati hayakuwa na mtu Jumamosi. Kiwanda cha kushona sare kilikuwa na chumba cha nyuma kisicho na kazi. Alikwenda kuviomba kimoja kimoja, akiahidi jambo moja tu, kwamba chumba kitaachwa safi kuliko kilivyokutwa. Mwalimu mkuu mmoja alimkatalia mara nne. Mara ya tano Shangazi aliona viti vimevunjika na kurundikwa kwenye korido, akarudi kesho yake na fundi seremala wa idara. Viti vikapona, darasa likapatikana. Fundi huyo bado yuko karakana, na husema tangu siku ile amekuwa akiazimwa mjini kama toroli.

Aliwahi pia kukosea. Mwaka wa saba aliwapa chumba kimoja, Jumatano ile ile na saa ile ile, wacheza drafti na chama cha viziwi. Wacheza drafti walikuwa wameshafukuzwa vyumba vitatu kwa makelele, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao awezaye kusogeza kete bila kumkumbusha mwenzake kasoro za ukoo wake. Shangazi alikimbia hadi huko kuamua ugomvi, asikute ugomvi. Mwenyekiti wa viziwi alimwandikia kwenye karatasi: “Waache tu. Ni majirani wazuri, hatujawasikia wakisema neno baya.” Vikundi hivyo vinakaa pamoja hadi leo, na wacheza drafti wawili wamejifunza kutukana kwa ishara.

Nyumbani kuna mume, dereva wa lori aliyestaafu kabla yake. Siku moja alikuja idarani, akapanga foleni kama mtu mwingine, na zamu yake ilipofika akaomba aelekezwe kikundi anachohudhuria mke wake, ili naye apate kumwona. Shangazi alimjibu bila kuinua kichwa: “Hicho kimejaa, baba. Anayefuata!”

Rasimu ya kwanza ya wasifu huu iliishia hapo, pamoja na shukrani. Alipoonyeshwa, aliirudisha. Alisema kama mwaka wa kumi na mbili haumo, basi huyo aliyeandikwa si yeye. Kwa hiyo umeandikwa, kama ulivyokuwa.

Mwezi wa nane wa mwaka huo alifika dirishani fundi saa, mzee wa miaka sitini na kitu. Mke wake alikuwa amefariki. Alihamia mji huu ili awe karibu na mwanawe, na miezi mitatu baadaye mwanawe akahamishwa kikazi. Aliomba aelekezwe mahali popote penye watu. Alisema anaweza kutengeneza saa zao, au kukaa tu. Shangazi alisoma Orodha, akamwandikia kwenye kikaratasi chenye mhuri wa idara: kikundi cha mafundi wa vitu vidogo, Alhamisi, saa kumi alasiri, maktaba ya zamani, mlango wa nyuma.

Kikundi hicho hakikuwepo tena. Kilikuwa kimevunjika tangu mwezi wa sita, mwenyekiti wake alipohama, na hakuna aliyeiarifu idara. Orodha ilikuwa ikipigwa chapa mara moja kwa mwaka, kila Januari, na katikati ya mwaka hakuna aliyeigusa.

Fundi saa alikwenda Alhamisi nne mfululizo. Mlinzi wa jengo la mkabala ndiye aliyemwona. Mzee alikuwa akifika kabla ya saa kumi, amevaa shati lililopigwa pasi, anasoma kikaratasi, anabisha hodi, kisha anakaa kwenye ngazi hadi saa kumi na moja na kuondoka. Alhamisi ya tatu mlinzi alimuuliza anamsubiri nani. Mzee alijibu: “Nimeambiwa watu wako hapa. Labda mimi ndiye ninayewahi mno.” Hakurudi dirishani kuuliza. Baada ya Alhamisi ya nne hakuonekana, na mlinzi alidhani amepata kazi.

Mwenye nyumba alivunja mlango wa chumba cha mzee siku ya tisa baada ya Alhamisi hiyo. Askari wawili walikuja idarani na kikaratasi walichokitoa kwenye mfuko wa shati, wakauliza kama kuna anayemfahamu marehemu. Shangazi aliutambua mwandiko wake mwenyewe. Daktari aliandika kwamba ni moyo. Hakuna ushahidi kwamba kikundi chochote kingebadilisha hilo, ila wenzake wangeona kiti chake kitupu Alhamisi iliyofuata. Mazishini walikuwepo watu watano: mwanawe, mwenye nyumba, wachimba kaburi wawili, na karani wa dirisha namba nne. Mkuu wa idara wa wakati huo alimwambia asijilaumu. Shangazi alimjibu kwamba asijisumbue, kazi hiyo tayari ina mwenyewe.

Jumatatu iliyofuata alianza Mzunguko, ambao haumo katika kanuni yoyote ya utumishi. Kila mstari wa Orodha lazima utazamwe kwa macho ndani ya siku thelathini, saa ile ile ambayo watu wanapaswa kuwemo. Mlango ukikutwa umefungwa, mstari unakatwa kwa kalamu nyekundu na kuandikwa tarehe. Mgeni hatumwi peke yake mara ya kwanza. Kikundi kinapigiwa simu, na mtu mmoja anatoka nje kumngoja. Wiki inayofuata mgeni huyo anaombwa apite dirishani, hata kama ni kusema hapakumpendeza. Asipopita, Shangazi anakwenda kwake.

Aliomba usafiri, akaambiwa hakuna fungu. Basi amekwenda kwa miguu, miaka kumi na tisa, mvua na jua, milango sitini na minne kwa mwezi katika hesabu ya mwisho. Fundi viatu anayekaa nje ya lango letu anasema Shangazi ndiye aliyemsomeshea watoto.

Matokeo ameyaandika mwenyewe, na tunayanakili bila kuyapamba. Katika miaka hiyo ametuma watu 3,906. Waliorudi kusema wamepata mahali ni 3,120. Waliobaki aliwafuata nyumbani, na wengi walikuwa wamehama, au wamepata kazi, au wamebadili nia na hawakutaka kuulizwa. Kumi na mmoja alifika kwao akakuta amechelewa. Majina yao yako nyuma ya daftari lake, na juu yao limetangulia jina la fundi saa.

Vyumba navyo vinapungua. Maktaba ya zamani imekuwa ghala. Zahanati imeng’oa mabenchi ili ipate nafasi ya vitanda, na hakuna anayeweza kuilaumu. Shule mbili zimefunga mageti alasiri baada ya kuibiwa. Mwezi uliopita idara ilitoa barua kwamba nafasi ya karani wa kumbi haitajazwa. Dirisha namba nne litafungwa, Orodha itabandikwa ukutani karibu na lango, nayo itarekebishwa mara moja kwa mwaka, kila Januari.

Shangazi aliijibu barua hiyo mara tatu kwa maandishi. Hakuomba aongezewe muda. Aliomba mtu mmoja, yeyote, wa kuendelea na Mzunguko. Mara zote tatu alijibiwa kwamba maoni yake yamepokelewa.

Hapo akaanza Mzunguko wa mwisho, ambao ulikuwa na swali badala ya kalamu. Alivitaka vikundi vyote sitini na vinne vitoe kila kimoja mtu mmoja, ambaye mara moja kwa mwezi atakwenda kuutazama mlango wa kikundi kingine na kuleta taarifa. Arobaini na kimoja vilikubali. Ishirini na vitatu vilikataa au vilisema vitafikiria. Hivyo ishirini na vitatu amevikata kwenye Orodha anayoikabidhi, ingawa viko hai na vinakutana wiki hii. Maelezo yake yalikuwa mafupi: siku vitakapokufa, hakuna atakayejua, na ukuta utaendelea kuwatuma watu huko. Miongoni mwa alivyovikata ni kikundi cha wajane alichokianzisha mwenyewe mwaka wake wa tatu. Mwenyekiti wao, rafiki yake wa miaka ishirini na minane, hajamsalimia tangu siku hiyo. Shangazi anasema rafiki huyo ana haki.

Mkuu wa idara alipoletewa karatasi aliihesabu mara mbili. “Shangazi, sasa ndiyo unatuachia kipande?” aliuliza. Shangazi alijibu: “Nawaachia kilicho kweli, Mkuu. Kile kingine mnaweza kukitunga wenyewe.” Chini ya karatasi ameandika tarehe, siku thelathini kutoka Ijumaa, na maneno haya: baada ya siku hii, asipewe mtu yeyote kabla ya kutazamwa upya.

Lilibaki jambo moja. Taarifa za vikundi zingeletwa kwa nani, ikiwa dirisha limefungwa? Lilijadiliwa kwenye kikao cha wafanyakazi Alhamisi iliyopita kwa muda wa dakika arobaini. Ilipendekezwa kamati. Ilipendekezwa sanduku la maoni. Fundi seremala, ambaye katika vikao hulala waziwazi na hupewa kiti cha pembeni kwa ajili hiyo, alifumbua macho akasema: “Wazilete karakana. Mimi nipo tu.” Shangazi alimuuliza kama anajua anachokisema. Fundi akamjibu: “Shangazi, umeniazima miaka yote hii. Sikumbuki umewahi kunirudisha.”

Jumatatu ya wiki hii taarifa tano zilipaswa kufika karakana. Zilifika nne. Ya tano ilihusu darasa la watu wazima wanaojifunza kusoma, kwenye chumba cha nyuma cha kiwanda cha sare, Jumatatu saa kumi na moja jioni. Fundi alifunga karakana, akaenda mwenyewe. Chumba kilikuwa kimejazwa marobota ya vitambaa hadi darini. Nje alimkuta mwanamke mmoja wa makamo na daftari lake, ambaye hakuwa ameambiwa lolote. Fundi alikaa naye ukutani hadi saa kumi na mbili, kwa sababu, alivyoeleza, hakujua la kufanya zaidi ya hapo. Kisha akachukua jina lake na mahali anapoishi. Kesho yake asubuhi alileta habari hiyo dirishani, akaomba kalamu, akaukata mstari akiwa amesimama. Shangazi aliusoma. “Na tarehe,” alisema. Fundi akaandika tarehe.

Tunapokwenda mitamboni, Orodha ina mistari arobaini. Anayehitaji kuelekezwa, au mwenye chumba kitupu hata cha saa moja kwa wiki, aende karakana, mlango wa kijani nyuma ya jengo. Chumba cha darasa la kusoma ndicho kinachotafutwa kwanza.

Kwa Shangazi, wafanyakazi wa idara hii wanasema asante kwa miaka thelathini na mmoja, na kwa milango yote uliyoibisha kabla ya kumtuma mtu. Tunakutakia afya, viatu visivyochakaa haraka, mume wa kukaa naye mchana kutwa, na majirani watakaokuja kukuuliza hali siku usipoonekana.