Kaburi Mbele ya Matete

Sogeeni, wanangu, Fidèle huku, Odile huku, na ninyi wajukuu acheni kulia mbele ya wakati. Jirani yetu Mama Blandine ameisha kuulizia sufuria zangu, mwambieni bado napumua.

Nyumba mnaiona: ziwa limekula jiko, limekula ukuta wa mbele, kesho kutwa litaingia hapa kitandani bila kupiga hodi. Sigombani nalo. Kilichobaki ni cha Odile. Mtumbwi na mota yake ni vya Fidèle. Kinachonizuia kuondoka njo matete yale ya ufukweni.

Fidèle, jana nimekusikia ukinoa panga. Unataka kuyafyeka, upafukie kwa mchanga, ujenge depo ya kuwekea bidhaa, na unaniambia, “Mama, matete hayana mwenyewe.” Ee mutoto wangu! Wazungu walipofika hapa na reli yao walisema hivyohivyo juu ya nchi ya babu zako, na babu zako walikuwa wamesimama palepale, wanawatazama. Muntu akisema kitu hakina mwenyewe, ujue ameisha kukitamani. Mule samaki wanaficha watoto wao, kama nilivyokuficha wewe, kitinda mimba wangu, wakati wa vita, maji yakinifika kifuani, nawe mgongoni ukanyamaza, wewe uliyekuwa ukilialia kuliko watoto wote wa mtaa! Matete hayakutuuliza sisi ni wa nani.

Papa yenu, mwezi ukiwa mpevu, alilaza mtumbwi: taa ya kuvutia samaki haishindani na mwezi, alisema, basi ziwa nalo lipumzike. Nanyi wote, msione haya, ni mazao ya mapumziko hayo. Siku hizi mnakokota chandarua, mnatoa visamaki vidogo kama kope, halafu mnauliza mikebuka, wale samaki wakubwa wa ziwa letu, imekwenda wapi. Imekwenda tumboni mwenu kabla haijazaliwa.

Basi nizikeni pale, mdomoni mwa matete, si makaburini kwa watu. Nakujua, Fidèle: hauogopi njaa wala wakubwa wa biro ya ardhi, lakini wafu unawaogopa, hautachimba alipolala mama yako. Na ziwa likipanda likanifikia, msinihamishe. Nimekula vyake maisha yangu yote; nalo linile.

Odile, maji... hapana, si ya chupa. Ya ziwa... Ile sufuria kubwa, mpe tu Blandine, atanililia vizuri.

Mungu awape watoto... na watoto wenu awape samaki. Fidèle, lete mkono nikubariki... si huo, baba. Ule wa panga.