Chumba cha Mama Kamanthe: Risala ya Akina Mama wa Mwethya, Kwa Wathome

Mgeni rasmi, Daktari Wangechi, Afisa wa Afya wa Wilaya yetu ya Machakos, Chifu Kimeu, Baba Paroko, wazee, akina mama na majirani wote,

Tuliliona vumbi la gari lako likitoka upande wa Kithyoko, tukaanza kuimba kabla hujafika. Karibu kijijini kwetu, Kwa Wathome. Sisi ni akina mama thelathini na wanne wa kikundi cha mwethya. Tumemchagua Mwelu, binti wa marehemu Kamanthe, aandike na kutusomea haya, kwa kuwa ndiye wa kwanza kijijini kuhitimu chuo kikuu. Tulimwomba asiandike "mama yangu", maana Kamanthe alikuwa wetu sote. Ametii. Sauti ikimkatika, mumvumilie.

TULIKOTOKA

Mwethya ni desturi yetu ya kufanya kazi kwa zamu. Leo tunachimba matuta shambani kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, ili mvua isiubebe udongo wetu hadi mto Tana. Kamanthe alituongoza kwa miaka kumi na saba. Ukichelewa alikuuliza, "Ni wewe umefika, ama umetuma kivuli?" Mwenzetu akifiwa, akijifungua, au akiunguliwa na nyumba, Kamanthe hakusema mengi. Alichukua jembe, nasi tukamfuata kwenda kumchimbia mwenye shida. Hivyo tukaamini kwamba hakuna mzigo usiopungua kwa jembe.

KOSA LETU

Mgeni rasmi, risala nyingi huanza na mafanikio. Sisi tumeona tuanze na kosa, kwa sababu chumba unachokuja kukifungua kilitoka humo.

Mwaka wa 2000, ule wa ukame, Kamanthe alianza kuketi chini kabla ya saa nne asubuhi. Kanini, ambaye sasa ni mwenyekiti wetu, alimtania kwa jina tulilomwita sote, Mwaitu, yaani mama.

"Mwaitu, leo jembe limekukataa?"

"Halijanikataa. Ni nyinyi mnachimba kama watu wanafukuza panya."

"Si uende kwa Mulwa akupatie dawa."

"Kwa Mulwa! Nivue blauzi mbele ya bwana ya Wanza? Hata wewe, Kanini!"

"Basi mwambie ni mgongo."

"Hiyo sawa. Mgongo hauna aibu."

Tulicheka. Tulicheka hadi tukaegemea majembe.

Wewe si mwenyeji wa Ukambani, kwa hivyo tukueleze. Wanza ni binti mkubwa wa Kamanthe. Mulwa, mumewe, ndiye muuguzi wa zahanati hii, na ni yeye peke yake. Kwetu mama mkwe na mkwewe wa kiume huheshimiana hata njiani. Wakikutana, mmoja humpisha mwenzake. Kuvua nguo mbele yake ni jambo lisilosemeka. Tulijua hayo, ndiyo maana tulicheka. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza: kwani, Mwaitu, uko na nini ndani ya blauzi?

Alienda zahanati mara tatu. Mara tatu alisema ni mgongo, na Mulwa akampa vidonge vya maumivu, macho yake yakiwa chini kama heshima inavyotaka. Nasi tukafanya lile tulilolijua. Tulimchimbia. Tulichimba shamba lake lote, tukapanda mteremko hadi majembe yakagonga mawe. Tukarudi nyumbani mioyo ikiwa myepesi.

Desemba, Mwelu alikuja likizo akamkuta mamake nyuma ya jikoni, akifua blauzi moja peke yake. Alimuuliza. Kamanthe alifungua vifungo viwili, akamwonyesha titi, akafunga. Katika hospitali kubwa waliambiwa ni saratani, na kwamba imeshafika kwenye mifupa.

Machi tulienda tena na majembe, maana hatukujua la kubeba lingine. Alitusikia, akatuita dirishani.

"Sasa mnachimba nini? Mmefika kwa mawe."

Tukayashusha majembe.

"Jembe haiulizi mtu," akasema. "Mkiona mtu ameketi, muulizeni."

Alifariki Ijumaa ya wiki hiyo.

TULICHOKIJENGA

Baada ya matanga, Mulwa alikuja kwenye kikao chetu, jambo ambalo mwanamume hafanyi. Alisema, "Angetuma hata Wanza aniambie." Kesho yake ndiye aliyebeba jiwe la kwanza. Amekubali tuyasome haya mbele yako, na tunamshukuru. Hakukosea. Alimheshimu mkwewe kama alivyofunzwa.

Kwa majembe yaleyale tulichimba msingi wa chumba cha kupimia wanawake nyuma ya zahanati. Mchanga tuliuchota mtoni wakati wa kiangazi. Mabati na kitanda tulipewa na parokia. Pazia ni leso za Kanini. Mlango tuliuelekeza kwenye miti ya mikau, si kwenye foleni, ili anayeingia asihesabiwe na macho ya watu. Chumba kimekamilika tangu Juni. Kina kufuli, na hakuna anayekitumia.

OMBI LETU

Tunaomba muuguzi mwanamke. Ikiwa wilaya haina wa kukaa nasi, aje hata Jumatano moja kwa wiki. Tutamlaza, tutampikia, na mtoto wake tutambeba. Mulwa alisema yuko tayari kuhamishwa ili nafasi ipatikane. Mgeni rasmi, tafadhali usimhamishe. Mpe mwenzake.

Tena, kuna mmoja kati yetu, ameketi hapa sasa hivi, ana uvimbe tangu Pasaka. Safari hii tuliuliza, naye akatujibu. Tulimsihi aende hospitali kubwa, akasema ataenda akishaonwa kwanza na mwanamke, hapa nyumbani. Hatutamtaja, nawe usimtafute kwa macho. Lakini ukikumbuka kwamba wewe ni daktari na ni mwanamke, na saa bado ni tano, utaelewa kwa nini tumeuweka ufunguo juu ya karatasi hii badala ya utepe wa kukata.

Mungu aibariki mikono yako, akurejeshe nyumbani salama. Nyimbo tutaendelea nazo huku mbele, kwa sauti kubwa, ili atakayenyanyuka asisikike. Mlango uko upande wa mikau.

Ni sisi,
Akina Mama wa Mwethya, Kwa Wathome,
Agosti 2003