Maisha ya Kaka Yetu, Bwana Panya

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya wanne, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la nafaka ambalo baba alikuwa mlinzi wake. Mimi ninayesoma ndiye kitinda mimba.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kumaliza sekondari mwaka 1979. Hesabu zilimpiga chenga, lakini biolojia aliimeza. Mwaka 1983 alihitimu stashahada ya ufundi wa maabara.

Mwaka huohuo aliajiriwa na taasisi ya utafiti wa magonjwa ya wanyama, akakaa huko hadi kustaafu mwaka 2021. Kazi yake ilikuwa kutega panya wa porini, kuwachunguza minyoo, na kupima kama virusi vya homa ya ini vinaweza kuwashika. Vikishika, mafundi walisema panya "amekubali", wakampasua; visiposhika, "amekataa". Minyoo waliikubali bila ubishi. Homa ya ini B, ile ya binadamu, panya wake wote waliikataa. Mtaani walimwita Bwana Panya, naye aliitika.

Tarehe 8 Desemba 1990 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi cherehani. Siku alipokubaliwa uchumba aliingia jikoni mbio. "Mama, amekubali!" Mama, mikono ikiwa na povu la sabuni, akamuuliza, "Maskini, na huyo utampasua lini?"

Mwaka 2016 macho yake yaligeuka manjano. Hospitali ilimkuta na homa ya ini B, na ini lilikuwa limekwisha kuota makovu. Mtaani wakasema panya wamemlipa. Wateja wakaacha kupeleka vitambaa kwa shemeji, eti nguo zake zina vijidudu. Kaka alijua panya hawahusiki, lakini alinyamaza.

Alitutoa damu sisi ndugu zake na mama, akidai anataka kuilinganisha na ya panya. Kumbe alikuwa anatafuta alikoipata. Mama alikuwa nayo miaka yote bila dalili yoyote, na mtoto huweza kuipata wakati wa kuzaliwa. Mke na watoto wake walipimwa, hawakuwa nayo, wakachanjwa.

"Mama akijua imetoka kwake, atakufa kabla yangu," alituambia mimi na shemeji. "Waacheni wawasingizie panya. Panya hawasikii."

Shemeji alikubali. Kwa miaka saba alishonea watu wa mitaa ya mbali wasiomjua. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Mama alitangulia Septemba 2023, kwa uzee, bila kujua. Wiki iliyofuata kaka aliniita. "Siku yangu ikifika wasomee watu yote, mdogo wangu. Sasa hakuna wa kuumia."

Alifariki wodini tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, kwa saratani ya ini. Shemeji alikuwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu na ndugu watatu. Mmoja wa ndugu hao ni mimi, ambaye kipimo kile cha damu kilinikuta nina homa hiyohiyo ya ini B. Kwa sababu yake nameza dawa kila siku, na ndiyo maana nimesimama hapa. Gauni hili amelishona shemeji. Atafungua tena duka lake la ushonaji hapa mtaani Jumatatu.

Kaka, pumzika. Tumeshawaambia.