Kitambaa Cheupe cha Ndugu Tolliver

Mheshimiwa Mchungaji Purnell, uliyetuazima ukumbi huu na kutupa kahawa pia. Ndugu Lucius Tolliver, kiongozi wetu wa doria, ambaye kesho unapanda basi kurudi Mississippi kumuuguza mama yako. Akina mama wa jikoni, ambao harufu ya kuku wenu inanihimiza nifupishe maneno. Ndugu zangu wote wa mtaa huu: habari za jioni.

Mimi ni Earline, mke wa Ervin, mama wa Lavonne. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa. Wengi mnanijua kwa sauti tu, maana mimi ndiye ninayepokea simu za doria hapa kanisani. Mtu akiona polisi wamemsimamisha mweusi mwenzetu, ananipigia, nami nawaelekeza wenye magari.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Unaegesha mbali kidogo, unashuka, unasimama mikono ikionekana. Huna silaha. Hujibu matusi. Unaangalia, basi, kwa sababu mkono wa polisi unaotazamwa husita. Na ili magari yetu yajulikane, Ndugu Tolliver aliamuru kila moja lifungwe kitambaa cheupe kwenye antena.

Ndugu Tolliver, nisamehe, hapo ulisahau tumetoka wapi. Kule Kusini tulikozaliwa sisi sote, kitambaa cheupe kwenye gari kina maana moja tu: gari limekufa, jirani njoo usaidie.

Jumamosi moja mchana, doria ikiwa bado mpya, tulikuwa tunatoka dukani, Ervin kwenye usukani, Lavonne mapajani pangu. Polisi wawili wakatusimamisha. Taa ya nyuma haiwaki, walisema. Ervin akauliza taa ipi, na swali hilo likatosha. Walimlaza kifudifudi kwenye lami ya moto, goti mgongoni, na mmoja akachomoa rungu. Mimi nilimziba mtoto macho kwa kiganja, nikawa nawaza nitamlea vipi peke yangu.

Jirani alikuwa ameshapiga simu. Gari la kijani likaegeshwa ng'ambo ya barabara, Ndugu Tolliver akashuka, akasimama mikono wazi kama mtu anayengoja kubatizwa. Yeye mmoja, polisi wawili. Je, angetosha? Sijui, na namshukuru Mungu sikupata nafasi ya kujua.

Maana Bibi Odessa, pale barazani kwake, alikuwa ameona kitambaa. Akaja na birika la maji.

"Lucius," akasema, "si nilikwambia hilo bati litakuaibisha? Haya, fungua boneti."

Nyuma yake wakaja wacheza domino na kamba ya kuvutia, mwingine na nyaya za betri, mwingine na ndoo. Kila mmoja alikuja kusukuma gari, na kila mmoja alipofika alimwona Ervin pale chini, akabaki.

Polisi mwenye rungu akamuuliza Ndugu Tolliver gari lake lina nini.

"Halina kitu, afande. Naangalia tu."

"Na hawa?"

"Sikuwaita mimi. Wamekuja kunisukuma."

Nilimwona yule polisi akiyapitia macho yale yote, kamba, ndoo, birika. Nikamwona anarudisha rungu kiunoni. Ervin aliinuka shavu likiwa limeungua, akapewa leseni yake, tukaenda nyumbani, tukala chakula cha jioni watu watatu. Mnanielewa? Watatu. Wiki iliyofuata nilikuja hapa kuomba kazi ya simu.

Si kila mara inakuwa hivyo. Kuna siku magari yetu yalifika yakakuta kiatu kimoja barabarani, na mwenye kiatu tukamkuta hospitali. Ndiyo maana leo siwezi kuaga tu na kukaa. Ndugu Tolliver anaondoka, na Jumamosi haina dereva. Nimewauliza wanaume. Huyu ana zamu kiwandani, yule ana mgongo mbovu, na mmoja, simtaji, ana mke.

Ndugu Tolliver, uliwahi kuniambia mwanamke akae kwenye simu, barabarani si mahali pake. Nikakuuliza, siku ile mimi nilikuwa wapi? Ukacheka. Ervin amenifundisha kuendesha. Pipa la taka la Mchungaji linaweza kutoa ushahidi. Leseni nimeipata juzi. Na leo asubuhi umeniwekea ufunguo wa gari la kijani mezani.

Kwa hiyo Jumamosi litatoka. Naomba mtu wa kushika simu, na mtu wa kukaa na Lavonne. Bibi Odessa, naona mkono wako, ushushe. Wewe nitakuhitaji na birika lako.

Natumaini binti yangu atakapokuwa mkubwa, atakiona kitambaa cheupe na maana yake itakuwa ile ya zamani tu, kwamba gari la mtu limekufa. Mpaka siku hiyo, mkikiona, msiulize kama gari ni zima. Njooni na kamba zenu.

Safari njema, Ndugu Tolliver. Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza kabla ya kuku.