Yasini Iliyonipotea Kinondoni

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh! Mama zangu, dada zangu, sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha kwenye ua huu tukiwa wazima. Mie ni Hawa, mke wa Salumu, wa hapa hapa Temeke. Nimeombwa niwaeleze jinsi Mola alivyonirudisha kwake. Naona haya, lakini nitasema!

Ndugu zangu, nimezaliwa Kinondoni, enzi hizo ni minazi tu na nyumba za makuti, moja huku, nyingine kule. Mama yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Wasichana walikuja na mbao zao, wakakaa mkekani, akawasomesha kwa sauti ya chini mpaka jua linapotua. Mie nilihitimu msahafu kabla sijavunja ungo. Yasini niliijua kwa moyo. Nikitwanga, mchi unakwenda na aya.

Nikaolewa huku Temeke. Salumu alifanya kazi bandarini, mume mpole, hana makuu. Vita kubwa ya Mwingereza na Mjerumani ilipokwisha, siku moja akarudi na zawadi yangu kaibeba begani. Gramafoni, na santuri zake! Subhanallah, mtaa mzima hakuna aliyekuwa nayo. Alasiri nauzungusha mkono wake, naweka sindano, na sauti za watu wasiokuwepo zinajaa nyumba. Majirani wanafurika mpaka barazani. Mie nimevaa kanga mpya, nimetia udi, nimekaa katikati yao kama bi harusi. Ilikuwa raha, sitawadanganya!

Sisemi nyimbo ndizo zilizonipoteza. Nilipotea mwenyewe, polepole, kama mtu anavyopitiwa na usingizi. Adhana inalia, nasema santuri hii iishe kwanza. Ikiisha, naigeuza upande wa pili. Mara magharibi imeingia. Nikawa nazikusanya sala, kisha nikawa naziahidi kesho, kisha sikuziahidi tena. Siku zilinipita kama moshi, naziona, sizishiki. Ukiniuliza miaka ile nilifanya nini, sikumbuki kitu ila nyimbo. Kwa mama nikawa siendi, maana yeye kila nikifika huniuliza, "Umesali, mwanangu?" Na moyoni mwangu, ndugu zangu, palikuwa patupu. Ila gramafoni ikilia, huusikii utupu wako.

Masika moja, mama mdogo akasimama mlangoni, kalowa chapachapa.

"Hawa, funga mlango twende. Mama yako hoi."

Tukaenda kwa miguu. Tulipopita Ilala na kushuka bonde la Msimbazi, ukungu ulikuwa umetanda juu ya maji, na watu waliotutangulia walionekana nusu, kama wanaelea. Miguu yangu haihisi ardhi. Nilikwenda kama nimo ndotoni, mama yangu anaumwa, na kichwani, astaghfirullah, wimbo unajiimba wenyewe.

Tukamkuta kwenye kitanda cha kamba, kakonda, kafumba macho. Wanawake wa jirani wamekaa chini wamemzunguka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisomee Yasini."

Nikakaa, nikaanza. Aya za mwanzo zikatoka. Kisha nikafika mahali, na mbele yangu hakuna kitu. Peupe! Nikarudi nyuma, nikaja tena, nikakwama pale pale. Ulimi ukawa unatafuta pa kushika. Sauti ikashuka, ikapanda, ikaangukia kwenye mahadhi ya santuri, na maneno ya wimbo wa mapenzi yakanitoka kinywani, mbele ya mama yangu mgonjwa!

Wanawake wakatazamana. Mvua tu juu ya makuti.

Mama hakufumbua macho. Akauliza taratibu, "Hiyo sura gani, mwanangu?"

Ndugu zangu, bora angenipiga!

Nikatoka mbio mpaka uani. Nikasimama kwenye mvua, nikalia kama mtoto. Nikasema, "Ya Rabbi, nimekuwa mgeni kwako. Nipokee." Nikachota maji kwenye pipa, nikatawadha, nikasali adhuhuri kwenye kibaraza cha nyuma na nguo zangu mbichi. Niliposujudu, nikasikia harufu ya udongo, na ule wimbo kichwani ukanyamaza. Ukanyamaza, wallahi! Sikuwa nimesikia ukimya kwa miaka. Sikutaka kuinua paji la uso wangu.

Nikarudi ndani, nikapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, nimesahau."

"Nimesikia. Kaa hapa. Sema nyuma yangu."

Akaanza, sauti nyembamba kama uzi. Aya moja, nami nyuma yake. Homa ikimzidi ananyamaza, ikimwachia anaendelea pale alipoishia. Nilikaa kwake masika ile yote. Salumu akija Ijumaa kutuona, nikimwambia nimemwacha peke yake, hujibu, "Kaa na mama, mke wangu. Kupika najua."

Watu huniuliza, gramafoni niliivunja? La, sikuivunja. Ipo, na sikukuu tunaisikiliza. Ila sasa ikisimama, siukimbii ukimya wake.

Na mama alipona! Alhamdulillahi, alipona! Siku aliyoweza kutoka barazani kuota jua, nilimsomea Yasini yote mwanzo mpaka mwisho, bila kukwama. Nikamuuliza, "Mama, siku ile ulidhani unatuaga, ndiyo maana ukataka usomewe?"

Akacheka. "Yasini ninayo mwenyewe, Hawa. Nilikuwa nakutafuta wewe."

Maneno hayo, ndugu zangu, ndiyo niliyoyafahamu kuhusu rehema ya Mola wetu. Hana haja na rakaa zetu. Anatutafuta sisi, tena kwa sauti ya chini, na tunapotea kwa sababu tumejizungushia kelele. Namshukuru Yeye aliyenilaza, akaniamsha kabla sijalala usingizi usio na kuamka.

Kama yupo hapa ambaye hata Alhamdu inamkatikia katikati, asione haya. Hatutamuuliza alikuwa wapi. Mtegemee Mungu, dada yangu, uje tu. Adhuhuri imekaribia, tutasimama sasa hivi, na safu haijajaa. Hapa pembeni yangu pana nafasi.