Wa Mlangoni na wa Kwenye Kombi

Mgeni rasmi, Mwalimu Apondi wa chuo kikuu, wewe ni mdogo kwangu lakini leo shikamoo yangu ipokee tu.

KARIBU
Karibu mtaani kwetu Turffontein, huku Kusini tulikohamia. Viti vya kanisa, pilau ya Jocelyne. Tumekonda kwa hofu, mama, ila tupo wote.

TULIKOTOKA
Zamani fujo za kuwavamia wageni zikija, kila mwenye duka alisimama mlangoni kwake na rungu. Mstari mrefu, mwembamba kama uzi. Wavamizi wakivunja kwa mmoja, jirani haachi kwake. Ulipokuja kushonewa gauni ulimkuta fundi mwenzangu Évariste analilia cherehani zake zilizoporwa. Ndipo ukatupa habari za Warumi wa mwishomwisho. Nao walijipanga mpakani. Adui akitoboa, ndani hakuna mtu. Mfalme wao Konstantino akakuza jeshi la kuzunguka: hawa washikilie mpaka, wale wakae nyuma, wakimbilie penye moto.

Kijana wetu Glody akasema, "Farasi hatuna, tuna kombi ya papa," yaani basi dogo la baba yake. Tukacheka, tukafanya: mlinzi mmoja kila mlango, vijana wengine kwenye kombi.

TULICHOPATA
Fujo za mwaka huu wa 2019 zilimkuta mlinzi wetu Hénock mlangoni kwa Évariste. Kazi yake kuzuia hadi wenzake wa kombi wafike. Mgongo kwenye geti, simu sikioni:

"Mnakuja, ama mnapika kwanza?"

"Tuko robot, kaka, taa nyekundu!" wakajibu wa kombi.

"Eish! Warumi walikuwa na robot?"

Kombi ikafika, wakashuka kwa pamoja. Lile kundi likatazama, likageuka. Hatukuzika mtu. Mungu ashukuriwe!

KILICHOTUSUMBUA
Ulitutahadharisha, hatukusikia: Warumi wale wa mpakani walikuja kudharauliwa, wa kuzunguka wakapendelewa. Nasi hivyo hivyo. Wa kombi wakaimbiwa, wakapewa nyama. Hénock alipokuja kula, Angélique, mgawa chakula, akamtania, "Wewe si uliegemea geti tu? Chukua ugali." Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akaniambia, "Babu, mwezi ukiisha naenda kulinda mtaa wa Hillbrow." Akiondoka, nani atazuia hadi kombi ifike?

OMBI
Pesa hatuombi. Tumemwomba Hénock radhi, kajibu "sharp, babu," yaani sawa, lakini uso bado umefungwa. Hata sasa hayumo humu, yuko nje mlangoni anatulinda sisi tunaokula sherehe. Kabla pilau haijapakuliwa, toka ukampe mkono. Mwambie wewe, mwenye kuwajua Warumi, kwamba bila wa mpakani kombi ingekuta majivu. Angélique atakufuata na sahani ya kwanza. Nyama kachagua mwenyewe.

Mungu akupe maisha marefu na wanafunzi wasikivu.

Ni sisi, Wenye Maduka na Walinzi wa Turffontein.
Msomaji: Mzee Salum Duni, fundi nguo.